Haya maonyesho ya dunia yalianzaje, na sisi tulikuwa wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Tabora. Mwaka 2025 tulisikia sana habari za Expo ya Osaka kule Japani, na Tanzania ilikuwepo. Naomba unieleweshe haya maonyesho ya dunia ni kitu gani hasa, ni Sabasaba kubwa tu au kuna kingine? Alafu nimesikia zamani walikuwa wanawaweka watu weusi kwenye uzio, watu wanalipa kiingilio kuwaangalia, ni kweli au ni maneno tu? Na sisi tunafaidika nini kwenda huko? Mdogo wangu anaishi Brussels, Mungu akijalia nitaenda kumtembelea, kama kuna cha kuona kuhusu haya mambo naomba uniambie."

Marahaba sana mwanangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, ila lile la watu kuwekwa kwenye uzio nalijibu kabisa hapa mwanzoni: ni kweli. Siyo uvumi. Yalifanyika Paris, Berlin, Brussels, St. Louis na miji mingine mingi, kwa tiketi, kwa baraka za serikali, na wasomi wakubwa wa enzi hizo wakiwa mstari wa mbele, na kwa wewe mtu wa Tabora kuna moja lililofanyika Berlin mwaka 1896 ambalo linakugusa moja kwa moja. Nitafika hapo, nivumilie kidogo.

Kwanza tutenganishe Sabasaba na Expo maana watu wengi wanachanganya. Sabasaba ni maonyesho ya biashara, unaenda pale Barabara ya Kilwa unakuta banda la sabuni, banda la mabati, banda la benki, unanunua, unapewa kipeperushi unarudi nyumbani. Expo wanaoshiriki ni nchi, serikali inaalikwa rasmi na serikali nyingine, na nchi inapewa nafasi ya kujieleza: sisi ni akina nani, tumefika wapi, kesho tunaionaje. Kuna shirika kabisa la kusimamia mambo haya, Ofisi ya Kimataifa ya Maonyesho, makao yake Paris, lilitokana na mkataba uliosainiwa Novemba 1928 baada ya nchi kuchoshwa na maonyesho yaliyokuwa yanaibuka kila kona bila utaratibu. Siku hizi yale makubwa yanafanyika kila baada ya miaka 5 na yanaweza kwenda mpaka miezi 6, Osaka yalifunguliwa 13 Aprili yakafungwa 13 Oktoba 2025, na yanayofuata ni Riyadh, Saudi Arabia, mwaka 2030.

Sasa ilivyoanza. Wafaransa walikuwa na maonyesho ya viwanda vyao tangu 1798 lakini ilikuwa ni Wafaransa kwa Wafaransa. Wazo la kualika dunia nzima wakalifanya Waingereza, London, mwaka 1851, na msukumaji mkubwa alikuwa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akishirikiana na mtumishi wa serikali mmoja mchapakazi kweli kweli aliyeitwa Henry Cole. Tatizo likawa jengo, muda umebana na mchoro wa kamati yenyewe ulikuwa wa jengo zito la matofali, ndipo akatokea Joseph Paxton, mtu wa bustani, aliyezoea kujenga vibanda vya vioo vya kukuzia mimea ya nchi za joto, akasema jengeni kwa chuma na kioo. Na ndivyo ilivyokuwa. Vipande vya vioo karibu 300,000, vyuma vinasubuliwa viwandani vinaletwa Hyde Park kuunganishwa tu, jengo lenye urefu wa zaidi ya mita 560 likasimama ndani ya muda usiofika mwaka, na miti mikubwa iliyokuwa imeota pale uwanjani hawakuikata, paa lilipanda juu likaipita na miti ikabaki imesimama ndani ya jengo huku watu wanapita chini yake. Watu wakaliita Kasri la Kioo.

Kati ya Mei na Oktoba kiingilio kilikatwa mara milioni 6, na siku nyingine bei ilishushwa mpaka shilingi moja ili mfanyakazi wa kiwandani na mkewe waweze kuingia, treni zinawaleta kutoka mikoani, wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuiona London. Faida iliyobaki ilikuwa kama pauni 186,000, na hela hiyo haikuliwa, walinunulia ardhi South Kensington ambapo leo ndipo yalipo yale makumbusho makubwa ya London ya sanaa, ya sayansi na ya viumbe. Hili nalisisitiza kwa sababu watu hudhani maonyesho yakiisha yameisha. Hapana. Kilichoachwa nyuma mara nyingi ni kikubwa kuliko maonyesho yenyewe.

Na orodha ya vilivyoachwa ni ndefu, nikupitishe haraka tu. Simu ya Bell ilionyeshwa Philadelphia 1876. Mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris 1889 na kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, uliponea kwa sababu ulifaa kuwekwa mitambo ya redio. Yale magurudumu makubwa ya kubembea unayoyaona kwenye viwanja vya starehe yalipata umaarufu Chicago 1893, la kwanza lile la bwana Ferris lilikuwa na vyumba 36 na kila chumba kinabeba watu 60. Mchoro wa Picasso wa Guernica uliwekwa kwanza kwenye banda la Hispania, Paris 1937. Na kwa wapenzi wa mpira, uwanja wa Wembley ule wa zamani ulijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dola ya Uingereza ya 1924 na 1925, ndiyo maana jina lake la kwanza lilikuwa Uwanja wa Dola. Miaka yote hiyo tumeangalia fainali za FA hatujui tunaangalia mabaki ya maonyesho ya ukoloni!

Lakini mimi nikiulizwa haya maonyesho yameiachia dunia kitu gani kikubwa zaidi, sitaji mnara wala gurudumu. Nasema yaliwafundisha mamilioni ya watu wa kawaida jinsi ya kuangalia watu wengine. Fikiria mtu wa mwaka 1889, hajawahi kusafiri, hana picha za rangi, hana redio, anaingia uwanjani na familia yake. Upande huu anakutana na ukumbi mkubwa wa mashine zinanguruma, taa za umeme, injini, na bango linasema Ufaransa, Marekani, Uingereza. Anatembea kidogo anafika upande wa pili anakuta vibanda vya nyasi na watu wanatwanga, wanasuka mikeka, wanacheza ngoma mbele yake. Hakuna mwalimu aliyemsimamia kumwambia nani yuko mbele na nani yuko nyuma, miguu yake mwenyewe ndiyo imemfundisha. Paris mwaka ule walileta watu kama 400 kutoka makoloni kukaa kwenye kijiji walichokiita kijiji cha weusi, na waliokata tiketi za maonyesho yote walikuwa milioni 32. Ni somo lililofundishwa kwa watu wengi mno kwa wakati mmoja, na wale watu ndio baadaye walipiga kura, wakawa maaskari, wakawa makarani wa makoloni, wakaandika vitabu vya shule.

Haya, twende Berlin sasa.

Mwaka 1896 Wajerumani walifanya maonyesho makubwa ya viwanda kwenye bustani ya Treptow. Kaisari alikuwa amekataa yawe ya dunia nzima kwa hiyo kitaalamu hayamo kwenye orodha ya Expo, ila ukubwa wake ulikuwa huo huo, watu kama milioni 7. Ndani yake waliweka sehemu ya makoloni, na humo wakaletwa watu 106, wanaume, wanawake na watoto, kutoka Togo, Kamerun, Afrika ya Kusini Magharibi ambayo leo ni Namibia, New Guinea, na Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani kwetu. Kutoka kwetu walikuwepo Waswahili wa pwani na Wamasai. Na jengo mojawapo kubwa lililosimamishwa pale kuwakilisha koloni letu unajua lilikuwa nini? Ngome ya Isike. Ndiyo, Isike mtemi wa Unyanyembe, wa hapo hapo kwenu Tabora. Waliiita Kwikuru kwa Sike, kwa tahajia yao, wakajenga nakala ya ile ikulu yake na kuta zake.

Sasa weka tarehe vizuri kichwani. Ngome ya kweli ilivamiwa Januari 1893, Wajerumani chini ya Tom von Prince walipoingia Isike akalipua ghala la baruti akiwemo yeye mwenyewe ili asikamatwe. Nakala ilijengwa Berlin mwaka 1896. Miaka mitatu! Watu waliokuwa ndani ya ile vita walikuwa bado hai Tabora, makaburi bado mapya, na huko Ulaya familia zinapita Jumapili na watoto wao wanaangalia ngome ya mtu aliyekufa juzi, kama mapambo ya matembezi. Mimi hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu lilikuwa tangazo la ushindi lililovalishwa nguo ya elimu. Na jinsi linavyosahaulika kwetu linaniumiza pia, watoto wa Tabora wanafundishwa Isike alipigana na Wajerumani, vizuri, lakini hawaambiwi kwamba nyumba yake ilikwenda kujengwa upya kwenye bustani ya Berlin kwa kiingilio.

Ila usidhani wale waliopelekwa walikaa kimya kama sanamu, na hapa ndipo wengi wanaoandika habari hizi wanapokosea, wanawageuza kuwa wahanga tu wasio na akili zao. Kulikuwa na kijana wa Kamerun aitwaye Kwelle Ndumbe. Alikaa pale siku nenda rudi anaangaliwa. Basi akaenda akanunua darubini ndogo, zile ambazo matajiri wa Ulaya walikuwa wanazitumia ukumbini kuona waigizaji kwa karibu, akarudi mahali pake, akaiinua machoni na kuanza kuwaangalia wao. Umati unamwangalia yeye, yeye anawaangalia kwa darubini. Leo kule Treptow kuna makumbusho ya mtaa yaliyoweka habari za watu wale 106 mmoja mmoja, kwa majina na sura zao, na yale maonyesho wameyapa jina linalotokana na kitendo cha kuangalia nyuma, kurudisha jicho. Na kutoka Namibia alikuwepo Friedrich Maharero, mtoto wa chifu Samuel Maharero wa Waherero, yeye na wenzake waliiona safari ile kama ya kidiplomasia, watoto wa watawala wanakwenda kuonana na mtawala mwenzao, wakavaa suti zao, wakapigwa picha na suti zao, wakati waandaaji walitaka ngozi na mikuki. Miaka minane baadaye Wajerumani hao hao wakaanza mauaji ya halaiki ya Waherero na huyu Friedrich akakimbilia Botswana na baba yake.

Mwaka uliofuata, 1897, ikawa zamu ya Brussels, na hii soma kwa makini kwa sababu utafika huko. Mfalme Leopold wa Pili alikuwa anaimiliki Kongo kama mali yake binafsi, habari za mikono kukatwa kwa ajili ya utomvu wa miti ya mpira bado hazijaenea sana Ulaya, na alihitaji Wabelgiji waipende hiyo Kongo na wawekezaji walete hela. Kwa hiyo maonyesho makuu yakafanyika Brussels kwenye bustani ya Cinquantenaire na sehemu ya Kongo ikapelekwa Tervuren, kilomita kadhaa nje ya mji, wakachonga barabara pana kwenda huko na kuweka reli ya tramu. Waliletwa Wakongo 267. Wakatengenezewa vijiji kando ya maji, wapande mitumbwi, wapige ngoma, watu waone. Na kulikuwa na kijiji kingine cha vijana Wakongo waliosomeshwa Ubelgiji na mapadri, wamevaa kizungu, ili mgeni akitoka hapa akienda pale aone kabla na baada. Umeelewa mchezo huo? Kijiji cha kwanza kinasema hawa ni washenzi, cha pili kinasema tupeni hela tutawabadilisha.

Watu zaidi ya milioni moja walikwenda. Majira yale ya joto yalikuwa ya baridi na mvua, na wageni walikuwa wanawarushia vyakula mpaka waandaaji wakaweka bango kwamba weusi hawa wanalishwa na kamati. Saba kati yao walikufa, kwa mafua makali na nimonia. Baadhi ya majina yao ni Ekia, Zao, Kitukwa, Mpeia na Mibange. Mwanzoni walizikwa sehemu ya wale ambao kanisa lilikataa kuwazika na wengine, baadaye miaka ya 1950 ndiyo wakahamishiwa kando ya ukuta wa kanisa la Mtakatifu Yohana hapo hapo Tervuren, na wako pale mpaka leo. Jumba la makoloni la mwaka ule likazaa makumbusho, na makumbusho hayo yakajengewa jengo kubwa la fahari lililofunguliwa 1910, hela zikiwa za Kongo.

Marekani nao hawakubaki nyuma. St. Louis 1904 waliletwa Wafilipino zaidi ya 1,000, na kutoka Kongo akaletwa Ota Benga, mtu mfupi wa msituni mwenye meno yaliyochongwa, ambaye miaka miwili baadaye waliishia kumweka kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya New York mpaka wachungaji weusi wa mji ule wakapiga kelele ndiyo akatolewa. Alijiua mwaka 1916. Pale pale St. Louis kulikuwa na Waafrika wa Kusini wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, waliopelekwa kuigiza kwenye maonyesho ya vita vya Makaburu, na kwa kuwa Olimpiki mwaka ule ilifanyika sambamba na maonyesho, wakaingia mbio za marathoni. Taunyane alimaliza wa 9. Waafrika weusi wa kwanza kwenye Olimpiki walifika pale kwa mlango wa maonyesho, hebu fikiria.

Na watu weusi wa Marekani walipigana ndani kwa ndani. Chicago 1893 walinyimwa nafasi ya kujionyesha, lakini Haiti ilikuwa na banda lake, taifa huru la watu weusi, na msimamizi wake alikuwa Frederick Douglass, mzee aliyezaliwa mtumwa. Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi, akawa anakaa kwenye lile banda anagawa kijitabu cha kueleza dunia kwa nini Wamarekani weusi hawamo, na ndani yake ameweka habari za watu wanaonyongwa na magenge huko kusini. Wageni kutoka nchi zote wanapita, wanachukua, wanasoma. Paris 1900 W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, akaja na dawa nyingine kabisa: picha zaidi ya 300 za watu weusi wa Georgia, madaktari, wanafunzi, familia zimekaa sebuleni, pamoja na grafu zilizochorwa kwa mkono kwa rangi zinazoonyesha shule, ardhi, kipato. Hakubishana kwa maneno. Alitumia lugha ile ile ya maonyesho, akaigeuza. Kwangu mimi zile grafu ni kati ya vitu bora kabisa vilivyowahi kuwekwa kwenye Expo yoyote na nimewaonyesha wanafunzi wangu mara nyingi, bado zinawashangaza.

Wembley 1924 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar waliwekwa pamoja na majirani wengine kwenye banda la Afrika Mashariki, jengo la mtindo wa Kiarabu wa pwani, mazao mbele, na wenye mazao hawana sauti. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London walichukizwa na magazeti yalivyokuwa yanaandika kuhusu watu wao kwa sababu ya maonyesho yale, Ladipo Solanke, mwanafunzi kutoka Nigeria, akaandika kupinga, na mwaka 1925 wakaanzisha umoja wao wa wanafunzi ambao baadaye ulilea viongozi wengi wa uhuru. Paris 1931 wakati wa maonyesho ya makoloni waliletwa Wakanaki kutoka New Caledonia wakaambiwa wajifanye wala watu, na wengine wakakodishwa kwenda Ujerumani kwa kubadilishana na mamba. Mamba! Miongoni mwao alikuwa baba wa babu yake Christian Karembeu, huyu huyu kiungo aliyechukua Kombe la Dunia na Ufaransa 1998. Kwa hiyo usione ni mambo ya zamani sana, vitukuu wao tumewaona kwenye tivii.

Alafu inakuja 1958, Brussels tena, na hapa kuna kitu nakipenda sana kukieleza. Expo ya kwanza kubwa baada ya Vita Kuu ya Pili, wamejenga Atomium, yale matufe tisa ya chuma yenye kimo cha mita 102, kila mtu anazungumza habari za sayansi na amani na dunia mpya, watu zaidi ya milioni 41 wameingia, na chini ya kivuli cha hiyo Atomium wameweka tena kijiji cha Kongo, na mafundi wa Kikongo wamekaa nyuma ya uzio wa mianzi wanachonga na kusuka. Wageni wakaanza kuwarushia ndizi na sarafu. Mwaka 1958! Ila safari hii wale mafundi hawakukubali, walilalamika, na kufikia Julai wakaondoka, kijiji kikabaki vibanda vitupu.

Lakini wakati huo huo Wabelgiji walileta mamia ya Wakongo Ulaya kwa pamoja, wapo waongozaji wageni, wapo wanajeshi, wapo waandishi wa habari, wapo waimbaji, na Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, nao walikuwa na wachezaji wao. Kutoka Kamina, Katanga, ilikuja kwaya ya vijana ya Padri Guido Haazen ikaimba misa kwa sauti za Kiluba na ngoma, ile Missa Luba, ikazunguka Ulaya watu wakabaki midomo wazi. Sasa hao Wakongo kule nyumbani walikuwa wanatenganishwa, wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) hamjui wa Élisabethville (Lubumbashi ya leo), na ghafla wanakula meza moja, wanalala jengo moja, wanaona Mzungu anafagia barabara, Mzungu anawahudumia chai hotelini, wanazungumza na Wabelgiji wasiowaogopa. Mobutu alikuwepo pale kama mwandishi wa habari kijana. Wakarudi nyumbani na maswali. Januari 1959 Léopoldville ikalipuka kwa ghasia, na tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru. Sisemi Expo ndiyo iliyoleta uhuru, hapana, kulikuwa na mengi, lakini Wabelgiji walijenga jukwaa la kuonyesha koloni lao na bila kujua wakawapa waliotawaliwa nafasi ya kukutana.

Baada ya hapo meza ikageuka haraka. Montreal 1967 Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine changa za Afrika zilikaa pamoja kwenye sehemu iliyoitwa Africa Place, zenyewe kama mataifa yenye bendera. Osaka 1970, ile iliyovuta watu milioni 64, Tanzania ilikuwa na banda lake yenyewe, miaka 9 tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Watu wetu walikuwa hawawekwi tena kijijini na mtu mwingine, walikuwa wanachagua wenyewe nini kiwekwe ukutani.

Hapo ndipo swali lako la faida linapoingia, na nitakujibu kwa uwazi. Faida ipo, ila haiji yenyewe. Milan 2015, ambako mada ilikuwa chakula, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziliwekwa kwenye kundi la kahawa na Tanzania kwenye kundi la viungo, na mimi sikuupenda sana huo mpango, kwa sababu unakurudisha kule kule kwa Wembley, nchi inajulikana kwa gunia lake. Dubai, ile ya 2020 iliyosogezwa na korona mpaka Oktoba 2021 hadi Machi 2022, walifanya jambo zuri, kila nchi kati ya 192 ilipewa banda lake, tajiri na maskini. Rais Samia alikwenda Februari 2022 na hati 36 za makubaliano zikasainiwa, ikiwemo ya Mamlaka ya Bandari na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ile ambayo mwaka uliofuata ilikuja kuzaa mjadala wa bandari uliowagawa watu mpaka vijiweni. Kwa hiyo usije ukaambiwa kule wanakwenda kuonyesha vinyago tu. Mambo mazito yanaanzia kule, na mwananchi ana haki ya kuuliza yameanzaje.

Mimi vitu ninavyoviangalia nikitaka kujua kama banda letu limefanya kazi ni vichache. Nani ameliandaa, ni kampuni ya huko huko iliyopewa picha za Kilimanjaro na simba ikamaliza kazi, au wamekaa wasanii wetu, wanahistoria wetu, vijana wetu wa teknolojia wakaulizwa? Wahudumu wa pale wanaijua nchi au wamekaririshwa? Na yakiisha vinarudi nini nyumbani, hata ripoti tu ya wazi iliyosema tulitumia kiasi gani na tumepata nini. Waingereza walirudi na mtaa mzima wa makumbusho. Sisi tungerudi hata na ukumbi mmoja mdogo Tabora wa kueleza habari ya ngome ya Isike na ile nakala yake ya Berlin, ningefurahi sana, na kwa kuwa kuna wanahistoria Ujerumani wanaoifanyia kazi hii sasa hivi, wa kushirikiana nao wapo, kinachotakiwa ni mtu wa kwetu aanze kuuliza.

Kuhusu Brussels, panga siku mbili. Siku ya kwanza anzia Cinquantenaire, bustani yenye tao kubwa lile, ndipo yalipokuwa maonyesho ya 1897, alafu nenda Montgomery upande tramu namba 44, inakwenda kupitia barabara ile ile waliyoichonga kwa ajili ya maonyesho, inapita kwenye miti mizuri sana mpaka mwisho wa reli Tervuren. Ukishuka nenda kwanza kanisani kwa Mtakatifu Yohana uyaone makaburi saba, yako nje, hakuna kiingilio. Ukitoka hapo ingia makumbusho ya Afrika. Yalifungwa kwa ukarabati wa miaka mitano yakafunguliwa tena Desemba 2018, wamejaribu kubadilisha maelezo, sehemu nyingine wamefanikiwa, nyingine bado sana, jengo lenyewe limejaa alama za Leopold ukutani na huwezi kuzibandua, kwa hiyo tembea taratibu na usome maandishi madogo, yana mengi kuliko yale makubwa. Zungumza na Wakongo utakaowakuta, wengi wa mashariki Kiswahili wanakijua na watakusimulia vitu ambavyo kwenye vibao havipo. Siku ya pili nenda Heysel kwa metro ukaone Atomium, panda mpaka juu kama huogopi kimo, kule ndani wana picha nyingi za 1958. Tiketi kata mapema hasa wikiendi maana foleni yake ni ndefu, na Tervuren usiende Jumatatu, makumbusho yanafungwa.